Kabla Hujatafuta Keja Kisumu, Jua Nani Alichora Mtaa

Mwaka jana nilipata kazi Kisumu. Kazi ya ofisi, ya kompyuta, ile ya kwanza ambayo mshahara unaingia benki mwisho wa mwezi na mama anapiga simu kukupongeza mara tatu. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp la wasee tuliosoma pamoja: "Nahamia Kisumu wiki ijayo. Nikae wapi?"

Majibu yakamwagika. "Milimani, kama una doo." "Migosi, hakuna kelele." "Usithubutu Manyatta." "Nyalenda mbu watakubeba." "Siku hizi watu wanaenda Riat, hewa safi, unaona ziwa lote."

Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna hata mmoja aliyesema kwa nini. Kwa nini Milimani kuna miti mikubwa na kimya cha kanisa, halafu ukivuka Ring Road kwa miguu uko Nyalenda na maji machafu yanapita mlangoni mwa mtu? Kwa nini Migosi barabara zimenyooka kama rula na Manyatta unapotea hata kama una ramani ya simu mkononi? Nilikuwa nafikiri ni pesa tu. Wenye pesa hapa, wasio nazo pale, kwisha.

Nimekaa mwaka mzima nikiuliza wazee, nikizunguka kwa miguu na kusoma chochote nilichopata. Sasa nikisikia mtu anasema "huo ni mtaa wa watu wachafu," nanyamaza kwanza, halafu namuuliza kama anajua nani alichora mstari. Kaa hapa kidogo nikuhadithie.

Reli ilikuwa ije kwetu

Mimi ni wa Port Victoria, kule Bunyala, kaunti ya Busia. Ukitoka huko unapanda matatu, unapita Bumala, Ugunja, Luanda, Maseno, halafu barabara inateremka kuelekea Kisian na ziwa linafunguka mbele yako. Kwetu ni mji mdogo wa samaki. Wengi wenu mnausikia tu kwenye habari Mto Nzoia ukivunja kingo na Budalang'i ikifurika.

Lakini sikia hii. Kapteni Macdonald na wenzake walipopima njia ya reli kutoka Mombasa mwaka wa 1891 na 1892, mwisho wa safari kwenye ramani yao ulikuwa kwetu, kwenye ghuba ambayo Waingereza waliiita Berkeley. Baadaye wapimaji wengine wakapata njia fupi zaidi ya kukata milima ya Mau na kushukia Ghuba ya Winam. Basi reli ikageuza shingo. Desemba 1901 ikafika hapa, na kituo kikaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa injinia Ronald Preston aliyesimamia kutandika reli. Wakati huo hapa palihesabika kuwa Uganda. Mkoa huu ulihamishiwa upande wa Kenya mwaka uliofuata, Aprili 1902.

Mstari mmoja wa kalamu ulihama, Kisumu ikawa jiji, na Port Victoria ikabaki na dagaa wake. Ndiyo maana mimi ndiye ninayetafuta nyumba kwenu, badala ya nyinyi kutafuta nyumba kwetu. Sisemi hivyo kwa uchungu (sawa, uchungu kidogo). Nasema ili ushike jambo moja mapema: mahali panakuwa "pazuri" kwa sababu mtu fulani aliamua.

Kilima cha wakubwa

Kabla ya reli, watu walikuwa hapa tayari. Jina Kisumu lenyewe wazee wanalieleza kuwa linatokana na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula na kubadilishana mali. Wajaluo, Waluhya, Wanandi, kila mtu alikuja na alichonacho: nafaka, mifugo, vikapu, samaki. Soko lilikuwepo kabla ya mji.

Waingereza walipofika wakafanya walichofanya kila mahali. Wakatazama upande wenye mwinuko, wenye upepo wa ziwa na mbu wachache, wakasema hapa ni petu. Hapo ndipo Milimani. Chini yake, karibu na stesheni na bandari, wakaruhusu maduka ya Wahindi, na ndiyo maana mpaka leo ukitembea Oginga Odinga Street ukiinua macho juu ya mabango ya simu na viatu, unaona majengo ya zamani yenye nguzo na majina ya familia za Kihindi. Wengine walienda kulima upande wa Kibos, ambako serikali ilianzisha makazi ya Wahindi mwaka wa 1903. Huko ndiko miwa ilikoshika, na kiwanda cha sukari cha Miwani kikafuata miaka ya 1920.

Mwafrika je? Mwafrika alitakiwa aje kazini na arudi. Miaka hiyo tauni iliingia kwenye miji ya reli, na serikali ikapata sababu nzuri ya kufanya ilichokuwa inataka. Mwaka wa 1913 aliletwa Profesa William Simpson, daktari wa mambo ya afya ya miji. Ripoti yake ilishauri miji ya Afrika Mashariki igawanywe: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao, na katikati paachwe ardhi tupu ili magonjwa yasivuke. Yaani panya na viroboto waliwekewa mpaka kwa rangi ya ngozi ya mwenye nyumba.

Mwaka wa 1923 Waraka wa Devonshire ukasema kutenga watu kwa makazi mijini kisheria kuachwe. Karatasi ilisema hivyo. Lakini masharti kwenye hati za viwanja, ukubwa wa ploti, na bei vilibaki vikifanya kazi ileile kimyakimya. Ploti ya Milimani ilipimwa kubwa, nyumba moja katikati na bustani pande zote. Mabomba ya maji taka yakawekwa. Leo mtu akikuambia nyumba ya vyumba viwili Milimani ni elfu 40 kwa mwezi, sehemu ya hiyo elfu 40 ni bomba na mti ambao mtu mwingine alilipia zamani kwa kodi ya kibanda. Na mkulima wa Bunyala, babu ya babu yangu, alikuwa analipa hiyo kodi.

Chumba cha mtu mmoja

Unajua kwa nini Kenya imejaa vyumba vya "singo"? Chumba kimoja, mlango mmoja, choo cha pamoja nje? Wengi tunafikiri ni landilodi kubana nafasi. Kuna hiyo, ndiyo. Lakini mfano wenyewe ni wa zamani.

Mfanyakazi wa Kiafrika wa reli, bandari au ofisi ya serikali alihesabiwa kama mwanamume asiye na familia. Mke na watoto wako "rizavu" wanalima, kwa hiyo mshahara wake haukuhitaji kuwalisha, na nyumba yake haikuhitaji kuwatosha. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1910 alivaa kipande shingoni, akatafutiwa kitanda, basi. Ni mwaka wa 1954 ndipo kamati ya Carpenter ilipendekeza serikali ianze kufikiria mshahara unaoweza kutunza familia. 1954! Bibi yangu alikuwa tayari amezaliwa.

Nyumba za kanjo za Kisumu ziko ndani ya hadithi hiyo ndefu. Ukipita Kaloleni, Shauri Moyo, Makasembo, Lumumba, Ondiek, unaona jinsi mji ulivyowapanga wafanyakazi wake: vitalu vifupi, vyumba vichache, uwanja katikati. Nyingi zilichakaa, na siku hizi baadhi zinabomolewa kujenga maghorofa ya nyumba za bei nafuu. Bei nafuu kwa nani, hilo tutajua funguo zikitolewa.

Na usifikiri watu walikaa tu wakitazama. Mwaka wa 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni ya hisa za watu wa kawaida. Moja ya vitu walivyojenga ni Ramogi House, hapa Kisumu, kwenye mji ambao Mwafrika alikuwa anaingia kufagia na kununua chumvi. Nikipita mjini huwa nafikiria wale watu walivyochanga shilingi chache chache ili siku moja waoneshe watoto wao jengo la ghorofa na kusema, hili ni letu. Hiyo nayo ilikuwa njia ya kuchagua mtaa.

Mji uliomfuata mzee

Sasa tuje Manyatta, mtaa nilioambiwa nisithubutu.

Nilienda kuangalia nyumba huko Jumamosi moja kwa sababu pesa ilinilazimisha. Migosi nilikuwa nimeambiwa elfu 11, dipoziti juu. Manyatta kulikuwa na chumba kipya chenye choo na bafu ndani, elfu 6. Boda akanishusha karibu na Kona Legio, nikapiga simu, akatoka mzee wa miaka kama 75, amevaa kofia na kandambili, anatembea polepole.

Chumba kilikuwa sawa. Lakini macho yangu yalienda kwingine. Katikati ya ploti, kati ya kamba za nguo na tangi la maji, kulikuwa na makaburi mawili yamesakafiwa vizuri kwa saruji. Mtoto alikuwa amekaa juu ya moja anafanya kazi ya shule.

Mzee akaona naangalia. Akasema, "Huyo ni baba. Yule ni mama."

Nikasema, "Pole, mzee. Kumbe hapa ni nyumbani kwenu kabisa?"

Akacheka. "Nyathina, mimi sikuhamia mjini. Mji ndio umenifuata."

Nilikuwa sijawahi kufikiria hivyo. Nilidhani kila mtu wa Manyatta alikuja kutoka mahali, kama mimi. Kumbe Manyatta, Nyalenda na mitaa ya ukanda ule vilikuwa vijiji vya watu, na mashamba yao, nje ya mpaka wa mji. Walikaa karibu na mji kwa sababu hawakuruhusiwa ndani yake. Waliotafuta kazi mjini wakapanga kwao, kwa sababu hata hao ndani hapakuwa na nafasi yao. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpaka wa manispaa ukasukumwa nje ukawameza. Angalia sensa: mwaka wa 1969 Kisumu ilikuwa na watu kama 32,000. Mwaka wa 1979 ikawa na zaidi ya 150,000. Kuna waliozaliwa na waliohamia, ndiyo, lakini wengi walilala wakiwa wanakijiji wakaamka wakiwa wakazi wa mji bila kubeba hata sufuria.

Wakapata jina la mjini. Bomba la mjini wengi hawakupata.

Kitu kingine ambacho watu wa Nairobi hawaelewi kuhusu Kisumu: hii si Kibera. Sehemu kubwa ya Manyatta na Nyalenda ni ardhi ya watu binafsi, wana hati zao. Mzee wangu anayo, ameiweka kwenye bahasha ndani ya Biblia. Hiyo ni nguvu, maana hakuna anayekuja usiku na tingatinga kwake. Lakini pia ndiyo sababu moja barabara zimepinda. Shamba la baba liligawiwa wana wanne, kila mwana akajenga vyumba vya kupanga mpaka ukingoni, na hakuna aliyeacha nafasi ya mtaro. Kanjo ikitaka kupitisha barabara lazima inunue, na kanjo siku zote haina pesa. Hapo ndipo unapata choo cha shimo mita chache kutoka kisima, na kipindupindu kikija watu wanalaumu "tabia" za wakazi.

Na hii ndiyo inaniuma zaidi. Mabwawa ya kusafishia maji taka ya mji yako Nyalenda. Yaani maji ya choo kutoka mitaa yenye mabomba yanasafiri kwa heshima chini ya ardhi mpaka Nyalenda, halafu nyumba nyingi za Nyalenda zenyewe hazijaunganishwa na bomba hilo. Fikiria hiyo, halafu urudie tena ile sentensi ya "watu wachafu."

Mtu akipanga, inapangika

Kuna Migosi ya kutukumbusha kwamba hakuna uchawi hapa. Mwaka wa 1978 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya kwa mradi wa pili wa miji, Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hapa Kisumu, Migosi ikawa mojawapo ya sehemu za ule mpango wa viwanja na huduma: serikali inapima ploti ndogo, inaweka barabara, maji na mtaro kwanza, kisha mwananchi anajenga mwenyewe polepole kwa uwezo wake, na anaruhusiwa kupangisha.

Watu waliopata zile ploti hawakuwa matajiri wa Milimani. Walikuwa makarani, walimu, wafanyabiashara wa kati. Tofauti ya Migosi na Manyatta, ambazo zinapakana, ni kwamba upande mmoja bomba lilitangulia nyumba na upande wa pili nyumba zilitangulia bomba. Basi. Miaka arobaini na kitu baadaye sisi vijana tunasema Migosi ni "mtaa wa watu wastaarabu." Ustaarabu wenyewe uko chini ya ardhi, una kipenyo, na ulilipiwa kwa mkopo.

Maswali ambayo dalali hatakujibu

Ukitafuta nyumba Kisumu, dalali atakuambia kuhusu tokeni za stima, maji na geti. Historia ina maswali mengine matatu.

La kwanza: ikifika uchaguzi, hapa kunakuwaje? Usicheke. Ile hospitali kubwa ya Jaramogi watu wa hapa bado wanaiita Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua. Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi Julai mwaka huohuo, watu walikuwa na hasira, maneno makali yakarushwa hadharani kati ya Rais na Jaramogi, na walinzi wakafyatua risasi kwenye umati. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Watu wa Kisumu wamesema siku zote ni wengi zaidi. Ndani ya siku chache chama cha KPU kikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Tangu hapo Kondele, iliyo hapo jirani, imekuwa jina ambalo taifa linalisikia kila kura ikibishaniwa. 2007 na 2017 zimo kwenye kumbukumbu ya kila mtu hapa, na ya 2017 ilichukua hata mtoto mchanga wa Nyalenda. Kwa hiyo mtu anayekuambia "Kondele ni wakorofi" anaanza hadithi katikati. Lakini na wewe mpangaji uwe mkweli: uliza majirani walipitaje miezi hiyo, na ujue utakuwa wapi.

La pili: maji ya ziwa yalifika wapi? Mimi mtoto wa Budalang'i hili naliuliza kabla ya bei. Mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha Ziwa Victoria zaidi ya mita 2. Mwaka wa 2020 likapanda tena, na watu wa ufukwe wa Dunga waliona nyumba na vibanda vikiingia majini. Ziwa halina haraka, lakini halisahau njia yake. Keja ya bei poa karibu na Dunga au upande wa chini wa Nyamasaria, muulize mama muuza omena wa hapo, usimuulize dalali.

La tatu: ardhi ni ya nani kwa karatasi? Februari 2021 makazi ya Wanubi pale Kibos yalibomolewa usiku, maelfu ya watu wakalala nje na watoto wao, kwa hoja kwamba ile ni ardhi ya reli. Walikuwa wamekaa hapo vizazi na vizazi, tangu enzi za Mwingereza. Ile reli iliyoleta mji mwaka wa 1901 ilikuwa bado inachora mipaka miaka 120 baadaye. Ukilipa dipoziti mahali, jua kama hapo chini pana hati ya mtu, au pana reli iliyosahau kwa muda.

Mwenye nacho anapanda kilima

Na Riat? Nilienda. Kuzuri, sitadanganya. Umesimama juu barabara ya Kakamega, upepo unapiga, ndege inashuka uwanjani chini yako, ziwa linang'aa. Magorofa na majumba yanaota kila mwezi. Nikasimama pale nikacheka peke yangu, kwa sababu niliiona Milimani ya mwaka wa 1903. Mwenye nacho anapanda kilima, anapata hewa, na anayemfulia na kumlindia geti anashuka jioni kwa matatu kwenda Obunga au Manyatta. Rangi imebadilika, mteremko haujabadilika.

Nilimwambia mama kwa simu kwamba nimepata nyumba. Akasema, "Vizuri, mwanangu. Lakini nyumbani unapajua." Wazee wetu wa huku ziwani, Waluhya kwa Wajaluo, wanatofautisha nyumba na nyumbani. Kijana anajenga simba yake karibu na lango la baba, anaenda kutafuta maisha, lakini anarudi hapo akiwa hai au akiwa maiti. Kesi kubwa ya wakili S.M. Otieno ilizunguka hilo. Alifariki Desemba 1986, mkewe Wambui akataka kumzika karibu na Nairobi walikoishi, ukoo wa Umira Kager ukasema Nairobi alikuwa na nyumba tu, nyumbani ni Nyalgunga, Siaya. Mahakama ikaupa ukoo ushindi na akazikwa Nyalgunga Mei 1987.

Naheshimu mila hiyo. Lakini nimeanza kuona jinsi ilivyotufanya tukae mjini kama abiria. Mkoloni alitaka Mwafrika aone mji ni wa kupita, na sisi tumeendelea kupita. Mtaro ukiziba tunaruka. Mkutano wa wadi wa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti tunauacha kwa "wenyeji," kisha Krismasi tunaenda kupaka rangi nyumba ya kijijini tunayolala siku nne kwa mwaka. Na ule mtaa tunaouita geto, ndio mahali pekee nilipokuta mtu wa mjini ambaye baba yake amezikwa mlangoni pake. Yule mzee hana kwingine kwa kurudi. Manyatta ndiyo dala yake.

Nilichukua kile chumba. Na sitaki unipige makofi, kwa sababu kuna kitu nilijua baadaye. Mahali kiliposimama chumba changu na jirani zake wawili palikuwa na vyumba vinne vya udongo na mabati. Vilikuwa na familia nne, kila moja ikilipa elfu moja na nusu. Mwana wa mzee alivibomoa ili kujenga vya watu kama mimi, wenye pesa-slipu. Mama mmoja kati ya waliohama anauza mboga kona ya juu, ananiita "mtoto wa ofisi," na ananiongezea sukuma wiki kila nikinunua. Sijui nimwambie nini. Mimi pia ni mstari kwenye ramani yake.

Mwezi uliopita mzee aliniomba nimsaidie kuandika barua kwa kaunti, majirani kumi na saba wamekubali kuacha nusu mita kila mmoja upande wa njia ili mtaro upite. Kumi na saba, wenye hati, wakaacha ardhi ya baba zao bila kulipwa. Tuliichapa kwenye kompyuta yangu usiku, yeye akitia sahihi kwa mkono unaotetemeka, mimi nikiandika chini, "na wapangaji." Bado hatujajibiwa. Jumatatu naomba ruhusa kazini, tunaenda nayo wenyewe.

Wewe unakaa mtaa gani, na kabla ya ploti yako hapo palikuwa na nani? Uliza, halafu uniambie.